Mbona mbwa amesahau mafundisho yake?



Mwezi huu tuzungumze juu ya mbwa. Musicheke. Katika nyumba nyingi za Makiso mbwa ndiye sentineli wa parseli, na habari zake zinaleta mabishano kati ya mume na muke kuliko munavyofikiri. Baba anakwenda karieri, upande wa Bafwasende ao mbali zaidi, anakaa miezi mitatu. Kabla ya kuondoka alikuwa amemufundisha mbwa vizuri: akiitwa anakuja, akiambiwa kukaa anakaa, akiambiwa kuacha anaacha. Baba anaporudi anakuta mbwa anakimbiza pikipiki barabarani, anarukia wageni, na akiitwa hatazami hata nyuma. Baba anakasirika: "Mumeniharibia mbwa yangu!" Mama naye anajibu: "Sisi? Ni mbwa yako ndiyo imesahau."

Swali hili limenifikia mara nyingi, zaidi kutoka kwa mama wenye waume kazini mbali. Wanauliza: mafundisho ya mbwa yanadumu muda gani? Na nani atayalinda wakati mwenye kufundisha hayupo?

Kwanza tufahamu jambo moja. Mbwa si mutu wa kusahau upesi. Charles Darwin, yule Muingereza (juu ya vitabu vyake vingine tutabishana siku ingine), aliandika katika kitabu cha mwaka 1871 kwamba alikuwa na mbwa mukali, asiyependa watu asiowajua. Darwin alisafiri kwa meli kuzunguka dunia tangu mwisho wa mwaka 1831 mpaka 1836. Aliporudi alitaka kumupima mbwa wake. Alisimama karibu na pale alipolala, akamuita kwa sauti ya zamani. Mbwa hakuruka, hakuonyesha furaha. Lakini alitoka mara moja, akamufuata kwa matembezi na kumutii, kama vile walikuwa wameachana nusu saa tu. Kumbe ilikuwa imepita miaka mitano na siku mbili.

Basi, baba wa miezi mitatu, usiseme mbwa amekusahau. Hajakusahau wewe, wala neno lako. Shida iko pengine: katika ile miezi mitatu mbwa aliendelea na masomo. Darasa halikufungwa. Kila siku nyumba nzima ilikuwa inamufundisha, bila kujua, mambo mengine yaliyo kinyume cha yale uliyomufundisha.

Angalia inavyotokea. Mutoto anaita "Njoo!" mara tano, mbwa anaendelea kunusa takataka, mutoto anachoka na kwenda zake. Mbwa amejifunza kwamba "njoo" ni kelele tu, kama redio ya jirani. Kesho yake anarukia mugeni na miguu yenye matope, mugeni anacheka na kumushika kichwa. Mbwa amejifunza kwamba kuruka kunaleta furaha. Jioni anabweka kando ya meza, muzee wa nyumba anachoka na kelele, anamutupia mufupa. Hilo nalo ni somo, tena somo zuri sana kwa mbwa, maana limelipwa.

Murusi Ivan Pavlov, aliyepewa zawadi ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya tumbo na chakula, aliona jambo hili kwa mbwa wake. Alikuwa anawapa ishara, halafu chakula. Baadaye ishara peke yake ilitosha kuwatoa mate. Alipoendelea kutoa ishara bila chakula, mate yakapungua mpaka yakakauka. Mutu angesema: mbwa amesahau. Lakini Pavlov alipomuacha mbwa apumzike kidogo kisha akatoa tena ishara ile, mate yalirudi! Somo la kwanza halikuwa limefutika. Lilikuwa limefunikwa na somo la pili. Ndiyo maana mbwa aliyefundishwa zamani akaharibika, kumurudisha hakuchukui muda kama ule wa kwanza. Mama anayefikiri kwamba lazima kuanza upya kabisa asikate tamaa.

Sasa tufike kwenye shida ambayo mimi naona ni kubwa kuliko zote hapa kwetu, na ambayo vitabu vya Wazungu havisemi sana. Ni lugha. Baba alisoma kidogo na anapenda Kifaransa: anamuambia mbwa "assis". Mama anasema "kaa". Watoto wanaporudi kutoka mupira, wanamuambia kwa Lingala "vanda". Na bibi, ambaye hapendi mbwa hata kidogo, anasema "toka hapa". Maneno matatu kwa tendo moja, na la nne la kumufukuza. Katika nyumba yetu ya lugha tatu, watoto wetu wanaelewa yote kwa sababu wao ni watoto wa watu. Mbwa anasikia sauti, haelewi maana. "Assis" na "vanda" kwake ni kama majina ya watu wawili tofauti.

Anaweza kujifunza yote mawili, hilo ni kweli. Katika muji wa Budapest, inchi ya Hungaria, wataalamu walichukua mbwa waliokwisha kujua kukaa na kulala kwa maneno ya Kihungaria, wakawafundisha matendo yaleyale kwa maneno ya Kiingereza. Walitoa habari hiyo mwaka 1917? Hapana, ni juzi tu, mwaka 2017. Waliona kwamba mbwa walishika maneno mapya vizuri zaidi baada ya kulala usingizi. Lakini muone: kila neno lilifundishwa kwa makusudi, na kulipwa. Si kwamba kila mutu wa nyumba alipiga kelele kwa lugha yake na mbwa akatafsiri.

Kwa hiyo jambo la kwanza kabla baba hajapanda gari la kwenda karieri: watu wa nyumba wakae pamoja na kuchagua maneno. Mane yanatosha: njoo, kaa, acha, na neno la kumupeleka mahali pake, kwenye mukeka ao gunia lake. Yaandikwe kwa chaki nyuma ya mulango wa jikoni. Kila mutu atumie hayo hayo, mukubwa na mudogo, Kiswahili kama ni Kiswahili, Lingala kama ni Lingala. Na bibi pia aambiwe, kwa heshima. Halafu, jambo ambalo baba wengi wanaliacha: juma mbili kabla ya safari, baba anyamaze, mama na watoto ndio waanze kuamuru. Mbwa aliyefundishwa na mutu mumoja anatii mutu mumoja. Kama mama anasema "kaa" kwa mara ya kwanza siku ambayo baba ameisha kwenda, mbwa atamutazama kama anayemuuliza: na wewe, ulianza lini?

Tuje kwa malipo. Hapa vijana wananibishia sana. Wanasema: "Pasta, tutamupa mbwa samaki mpaka lini? Na sisi wenyewe je?" Wako na haki. Wakati mbwa anajifunza neno mupya, mulipe kila mara anapofanya vizuri, na kitu kidogo kabisa: kipande cha kichwa cha samaki kama ncha ya kidole, mabaki ya lituma, kikoko cha sufuria. Lakini akisha kulijua neno, musimulipe kila mara tena. Leo mulipe mara mbili kwa mara tatu, juma lijalo mara moja kwa mara tatu, halafu mara moja moja tu, bila yeye kujua ni ipi. Siku zingine mumusifu tu, mumukune shingo, ao mumufungulie mulango atoke, maana hayo pia ni malipo.

Mutu angefikiri kwamba mbwa anayelipwa mara chache atasahau upesi. Ni kinyume. Wamarekani Ferster na Skinner walitoa mwaka 1957 kitabu kikubwa juu ya jambo hili. Munyama aliyezoea malipo ya kila mara, yakikatika anaacha kazi upesi. Aliyezoea malipo ya mara moja moja anaendelea muda murefu sana, maana kwake kukosa leo hakumaanishi kukosa kesho. Ninyi wa migodi munajua hali hiyo bila kitabu: muchimbaji anachuja muchanga siku ishirini bila kuona kitu, na siku ya ishirini na moja anaamka tena saa kumi na moja asubuhi.

Na sheria hiyo inatumika pia kwa mabaya. Yule mbwa wa kuomba mezani: mukimukatalia siku nne na kumutupia mufupa siku ya tano, mumemufundisha kuomba bila kuchoka. Ingekuwa afadhali kumupa kila siku, maana siku ya kukata angeacha upesi. Kama munataka aache, basi nyumba nzima inyime, na mugeni aombwe asitupe kitu. Mutu mumoja tu akiwa na huruma, kazi ya wengine inaharibika.

Neno "njoo" linahitaji ulinzi wa peke yake. Usimuite mbwa na kumupiga. Hata kama amekula kuku wa jirani. Wewe unafikiri unamupiga juu ya kuku, lakini yeye amekuja kwako sasa hivi, na fimbo imemukuta kwa kuja. Mukifanya hivyo mara mbili ao tatu, lile neno limekufa. Vilevile usimuite kila mara kwa kumufunga munyororo. Umuite, umupe kitu ao umusifu, halafu umuache aende tena. Kama ni lazima kumufunga, umuendee wewe mwenyewe.

Je, tumufundishe kila siku? Hapa kuna habari itakayofurahisha mama wenye kazi nyingi. Wataalamu wa Denmark walitoa mwaka 2011 matokeo ya mbwa 44 waliofundishwa kitu kilekile, lakini kwa mipango tofauti: wengine kila siku, wengine mara moja ao mbili kwa juma, wengine somo moja fupi, wengine masomo matatu kwa kufuatana. Wale wa mara moja ao mbili kwa juma ndio walihitaji masomo machache zaidi, na waliopata somo moja fupi walishinda waliopata matatu kwa kufuatana. Baadaye waliachwa juma ine bila kufundishwa. Walipojaribiwa tena walikuwa bado wanakumbuka vizuri, wa kundi hili na wa lile. Basi hakuna sababu ya kumuchosha mbwa. Dakika tano jioni, wakati sufuria iko motoni, mara mbili kwa juma, zinatosha kuliko saa nzima ya baba siku ya posho.

Lakini musifanye pale pale tu. Mbwa aliyejifunza "kaa" chini ya muembe wa parseli anajua kukaa chini ya muembe. Nje ya mulango ni shule ingine. Barabarani ambapo pikipiki zinapita, ni shule ya tatu. Zamani hapa Kisangani ilikuwa baiskeli zetu za toleka, na mbwa alizifukuza bila hatari kubwa. Leo ni pikipiki yenye mama na mutoto mugongoni, na mbwa akiingia kati ya magurudumu watu wanaanguka. Ndiyo maana neno "acha" lisomeshwe kwanza ndani, halafu mulangoni na kamba mukononi, halafu kando ya njia saa ambayo hakuna watu wengi, na kila mahali mupya mulipe tena kama mwanzo. Mbwa akishindwa pale, si kiburi. Hajafundishwa pale.

Kuna mbwa ambao hatusikii kwamba wamesahau. Ni wale wa musitu wetu, tangu Bafwasende mpaka Ituri, wanaoenda kuwinda na wenyeji, wamefungwa kengele ya muti shingoni kwa sababu hawabweki sana. Wazungu wanawaita basenji. Waliwaonyesha London mwaka 1895 katika maonyesho ya Cruft kama kitu cha ajabu. Mbwa huyo mudogo anajifunza kwa kufuata mbwa wakubwa, na anaendelea kujua kwa sababu kazi yake haikatiki, na kazi yenyewe inamupa furaha. Vilevile katika bustani ya Virunga, ambako mwaka 2011 walinzi walianza, pamoja na daktari wa wanyama Marlene Zähner wa Uswisi, kundi la mbwa wa kufuata harufu ya majangili. Mwezi wa tatu mwaka 2012 mbwa wawili walipelekwa pale tembo alipouawa na pembe zake kukatwa, wakafuata harufu kilometre saba mpaka kwenye kijiji cha wavuvi. Jangili haji kila siku. Lakini zile siku ambazo haji, mbwa wanafanyizwa mazoezi: mutu anajificha, mbwa anamutafuta, anamuona, analipwa. Kama wangengoja jangili wa kweli, pua ingekuwepo lakini kazi ingekuwa imelala.

Mbwa wetu wa parseli ndiye mwenye bahati mbaya. Amefungwa munyororo tangu asubuhi mpaka jioni, hana kazi isipokuwa kubweka, basi kubweka ndiko anakokumbuka.

Baba, siku unaporudi, usichukue fimbo jioni ile ile. Acha juma moja. Anza ndani ya parseli na kamba, toa neno mara moja, si mara tano, umusaidie kufanya, umulipe kila mara kama mutoto wa mbwa. Utaona siku ya tatu ao ya ine mambo yanarudi. Na usiseme mbele ya watoto kwamba mama yao ndiye aliharibu mbwa. Nyumba iliyolindwa miezi mitatu na mama haistahili neno hilo.

Nimeacha kwa mwisho jambo ambalo ndilo lilinisukuma kuandika. Kuna fundisho moja ambalo mbwa analihitaji mara moja tu kwa mwaka, na ni lile lile analolisahau: kukubali kushikwa. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ugonjwa tunaouita raji, watoto wanamuburuza mbwa kwa kamba, anauma, anakimbia chini ya nyumba, na watu wanasema "tutamuleta mwaka kesho." Hivyo mbwa mukali, ambaye ndiye hatari kubwa, ndiye anayebaki bila chanjo. Raji inapitia kwa mate ya munyama mugonjwa, na karibu watu wote wanaokufa nayo waliumwa na mbwa. Ikisha kuonyesha alama zake kwa mutu, karibu hakuna anayepona. Chanjo iko tangu Pasteur mwaka 1885.

Basi kwa ile miezi kumi na miwili fanyeni hivi, mara moja kwa juma. Mumoja amushike mbwa kifuani kwa mukono, mwingine amufinye kidogo ngozi ya bega kama sindano, na wa tatu ampe kichwa cha samaki palepale. Muhesabu mpaka tano, mumuachilie. Mumufungie mudomo kwa kitambaa laini kwa muda mufupi, mumulipe, mumufungue. Mufanye siku zingine nje ya parseli, na mara moja moja mutu asiye wa nyumba ndiye amushike, maana daktari ni mugeni. Watoto wadogo wasifanye kazi hii peke yao. Mbwa wa namna hiyo, siku ya sindano, anangoja samaki wake.

Na kama mutoto ameumwa na mbwa yeyote, hata mutoto wa mbwa wa nyumbani, musingoje kuona kama mbwa atakufa. Kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika kumi na tano kamili, mutazame saa. Halafu hospitali, siku ile ile, mukaulize chanjo ya mutu. Musiweke pilipili, wala mafuta ya gari, wala majani.

Mutoto wa mbwa anaweza kuchanjwa tangu miezi mitatu, kisha arudishwe kila mwaka. Siku ya dunia juu ya raji ni tarehe 28 mwezi wa tisa. Iandikeni nyuma ya ule mulango wa jikoni, chini ya yale maneno mane. Na karatasi ya chanjo ya mbwa muiweke ndani ya mufuko mumoja na karatasi za kliniki za watoto, ili baba akiwa karieri, mama asiitafute.